Filamu, Nyimbo na Maonyesho: Tupendekezeane Vipi?

SWALI: Assalamu aleikum, Bwana Mhariri. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba. Kila Alkhamisi baada ya sala ya Isha tunakutana marafiki kadhaa, na kila mmoja huleta mapendekezo yake ya wiki: filamu za kutazama, nyimbo za kusikiliza na maonyesho ya kuhudhuria. Siku hizi orodha zimekuwa ndefu hata hakuna anayezifuata, na maonyesho yenyewe karibu yote yako Unguja. Tufanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Mna jambo zuri, na ningesikitika kuona linakufa kwa wingi wa majina. Nionavyo mimi, kila mtu alete kitu kimoja tu kwa wiki, tena aje na sababu ambayo mwenzake anaweza kuihakikisha kwa macho au masikio yake. Kusema kwamba wimbo ni mzuri hakumsaidii mtu. Lakini ukimwambia asikilize bashrafu, yaani ule muziki usio na maneno unaotangulia kabla mwimbaji hajasimama, aifuate kanuni, ile ala ya nyuzi, peke yake, mpigaji akiwa ameilaza mapajani na kuzicharaza nyuzi kwa vijiti vidogo alivyovibana kwa pete kwenye vidole vya shahada, kisha asikie fidla zinavyoipokea, hapo umempa kazi, na Alkhamisi ijayo atakuja na neno lake mwenyewe.

Kwa wiki hii nawapendekezea Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni kisa cha Yasmin, msichana wa Kihindi anayeikimbia ndoa aliyoozeshwa, na Denge, kijana anayepambana na utawala wa Waingereza katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Kwa kuwa wewe ni mwalimu, ningependa msome riwaya kwanza, halafu mjadili filamu imeacha nini na kwa nini imekiacha. Mazungumzo hayo peke yake yatatosha usiku mzima. Muziki wa kwenda nayo ni wa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Rekodi hizo zina mikwaruzo, nanyi msizikimbie. Zivumilieni mpaka sauti ikae sikioni.

Kuhusu maonyesho, malalamiko yako ni ya haki. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hufanyika Februari Mji Mkongwe, na tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwaka 1998, nalo makao yake ni Unguja, kwa hiyo aliye Wete hana budi kulipa nauli ya meli na kutafuta pa kulala. Changeni mapema, chagueni usiku mmoja badala ya tamasha zima, na mnunue tiketi kwa moyo mkunjufu, kwa sababu mambo haya hayajiendeshi: mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa kukosa fedha.

Hata hivyo, sikubali kwamba Pemba hakuna cha kutazama. Msewe ni ngoma yenu. Atakayeipendekeza awaambie wenzake waitazame miguu ya wachezaji na wasikilize misewe, yaani manyanga waliyoyafunga miguuni, inavyolia kwa pamoja kila wanapokanyaga ardhi. Iingizeni katika mapendekezo kwa heshima ile ile mnayowapa wasanii wa nje, na mmoja wenu apewe kazi ya kuwauliza wazee ni lini na wapi itachezwa, maana habari zake haziji kwenye simu.

SWALI: Mimi ni kijana wa Kikwajuni, nimezoea taarab ya kisasa ya kinanda na gitaa. Nikitaka ile ya asili, nianze na nani?

JIBU: Anza na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, kwani sauti yake humshika hata asiyejua lolote kuhusu taarab. Kisha nenda kwa Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ya mwaka 1958. Ukipata nafasi ya kuwasikia ana kwa ana, kaa karibu na jukwaa uwaone wanaoinuka kumtunza mwimbaji pesa, na uangalie wanainuka kwenye beti gani. Mara nyingi tuzo hiyo ina ujumbe kwa mtu aliyekaa humo humo ukumbini.