Maswali yenu: mteja akinyamaza, usimbane

Wiki hii mengi mliyoniletea mawakili ni ya wateja waliobakwa au kupigwa nyumbani, nimechukua matano.

Mteja kwa polisi alisema ilikuwa jioni, kwangu anasema usiku. Nijitoe kwenye kesi?
Hili mnaniuliza kila mwezi na kila mara linaniuma. Usijitoe. Mtu aliyeumizwa hakumbuki kwa mpangilio, atakwambia harufu ya mafuta ya taa na mlango ulivyolia, saa ndo hana kabisa, na wewe unaanza na "ilikuwa saa ngapi?" Muulize anakumbuka nini halafu kaa kimya. Muda tafuta kwenye PF3 (ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), meseji, majirani. Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Mohamed Said Matula (Tanzania Law Reports, TLR, 1995) ilishatofautisha mkanganyiko mdogo na ule unaogusa mzizi wa kesi, soma kwanza kabla hujamwita mteja wako mwongo.

Alikaa miezi mitatu bila kusema. Kesi imekufa?
Haijafa. Kesi ya Marwa Wangiti Mwita (TLR 2002) inatilia shaka kuchelewa kusikoelezwa, kwa hiyo kazi yako ni kuyapata maelezo. Nilikuwa na binti mmoja, karibu saa nzima anakunja pindo la kanga na kulikunjua, hajibu, macho mlangoni. Nikaja kushtuka kiti changu ndo kimeziba mlango. Nikakisogeza, nikamwambia akitaka tunaishia hapo hapo. Baadaye akasema mwenyewe: aliyemfanyia ndiye anayemlipia ada. Mimi nilikuwa nimeshamuuliza "kwa nini hukusema?" mara tatu, na kwake lilikuwa kama shtaka. Uliza aliogopa nini kingetokea angesema.

Mama yake akae ndani tukiongea?
Muulize mteja, mama akiwa nje. Wakati mwingine mama ndiye aliyemwambia anyamaze.

Mtoto wa miaka 9 lazima aape?
Si lazima, jamani, sheria ilirekebishwa 2016! Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kuahidi tu kusema ukweli na si uongo. Ila mpeleke mapema akaone chumba na atakaposimama, na siku yenyewe simama uikumbushe mahakama kwamba ushahidi wa makosa ya kingono husikilizwa faragha, watu wamejaa benchi za nyuma na mawakili mnaangaliana tu.

Nikishasikiliza haya silali.
Ndugu yangu, huo si udhaifu. Leo ongea na mwenzako ofisini, bila kutaja jina la mteja, na usipange tena mahojiano mawili ya hivi asubuhi moja. Ikizidi wiki mbili nenda kwa mshauri nasaha, usingoje uanze kuwafokea wateja.