Jibu: Hume alimwamsha vipi Kant?

Mkuu, umeuliza Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alikuwa na maana gani aliposema Hume alimwamsha usingizini. Maneno hayo yamo kwenye kitabu chake Prolegomena cha 1783. Usingizi wenyewe ni ile imani kwamba akili peke yake, bila kuitazama dunia, inaweza kuthibitisha mambo makubwa kama Mungu na roho.

Hume, mwanafalsafa Mskoti, alikuwa ameshaitikisa imani hiyo. Tazama mpira wa biliadi ukigonga mwingine: unaona wa kwanza ukifika, unaona wa pili ukiondoka. Ile "lazima" ya katikati hujaiona popote. Kwake ni mazoea tu ya akili, baada ya kuona jambo lilelile mara nyingi.

Kant alikubali kwamba macho hayaioni, ila suala la mazoea alilikataa. Akili yenyewe, alisema, ndiyo inayoleta kanuni ya chanzo na matokeo. Bila hiyo tusingekuwa na uzoefu wowote wa kueleweka. Gharama yake nzito: tunavijua vitu jinsi vinavyotutokea, si jinsi vilivyo vyenyewe. Binafsi naona hapo Hume hajajibiwa sawasawa.

Ukitaka kusoma, anza na kitabu cha Hume cha 1748, An Enquiry Concerning Human Understanding. Lile dude la Kant la 1781, kitabu cha Critique of Pure Reason, liache kwanza, litakuchosha bure.