Kabla hujaomba anwani za IP za ziada nyumbani

Mimi NAT, ile mbinu ya ruta ya kuvifanya vifaa vyote vya nyumbani vitumie anwani moja ya nje, ilinichosha kwa sababu ya poti moja, yaani namba ya mlango wa huduma. Nilikuwa na seva mbili nyumbani, zote zikitaka 443, poti ya tovuti salama, na ruta yenye anwani moja tu ya nje. Poti hiyo huelekezwa kwenye kifaa kimoja, basi. Seva ya pili niliihamishia 8443 nikawa namweleza kila mgeni aongeze namba hiyo, mpaka nikakata shauri kununua anwani. (Baadaye nilijifunza kwamba programu ya wakala ikikaa mbele hupokea wageni wote na kuwagawa kwa jina la tovuti. Kama shida yako ni tovuti tu, anzia hapo, usilipe kitu.)

Niliuziwa fungu la anwani nane, lile linaloandikwa /29. Nane hizo si nane. Ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia vifaa vyote, nyingine inachukuliwa na ruta. Zikabaki tano.

Swali ambalo sikuuliza, nawe uliulize kabla ya kulipa, ni hili: fungu linaelekezwa kwenye ruta yangu, au linaachwa tu kwenye waya? Likielekezwa, ruta ya kampuni ya intaneti hutuma kila pakiti (kifurushi cha data) ya fungu hilo kwenye anwani ya ruta yako, na wewe ndani unapanga utakavyo. Likiachwa kwenye waya, kifaa cha kampuni huuliza kwa ARP, "nani mwenye anwani hii?", kisha hungoja mwenyewe aitike. Seva iliyo nyuma ya ruta haisikii swali hilo hata kidogo. Langu lilikuwa la aina hii ya pili. Nilihangaika usiku mbili nikibadilisha mipangilio ya seva ambayo haikuwa na kosa lolote, hadi nilipozinasa pakiti kwenye kebo ya nje na kuona swali lilelile likirudiwa, hakuna anayejibu. Dawa ilikuwa kuiagiza ruta ijibu kwa niaba ya seva. Wapo watakaokushauri uiweke ruta katika hali ya daraja, yaani ipitishe tu pakiti. Itafanya kazi, ila mara nyingi ukuta wako wa moto, kichujio cha pakiti zinazoingia, utakuwa umeondoka nayo.

Na huo ukuta utauhitaji. NAT haikubuniwa iwe ulinzi, lakini pakiti ya nje isiyo na kumbukumbu kwenye jedwali lake haina pa kwenda, na wengi wetu tumeishi nyuma ya bahati hiyo bila kujua. Niliiacha DHCP, kigawa anwani cha mtandao, igawe anwani mpya kwa yeyote anayeomba, na printa ikawa ya kwanza kuomba. Haikuchukua siku nyingi ikaanza kutema karatasi za herufi zisizosomeka: kuna programu zinazopekua intaneti nzima, na poti 9100 ya printa haiulizi nenosiri. Funga kwanza kila kinachoingia, fungua unachokijua, ndipo ugawe anwani.

Angalia pia anwani ya nje ya ruta yako. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni yenyewe inakufanyia NAT, na kuelekeza poti ni kazi bure.

IPv4, mfumo wa anwani hizi za zamani, ina biti 32, yaani anwani pungufu kidogo ya bilioni 4.3, na ghala kuu la anwani hizo liliisha Februari 2011. Ndiyo maana unalipishwa. Kwa hiyo ulizia IPv6, mfumo mpya wenye anwani ndefu zaidi. Ukipewa fungu la /56 unapata mitandao 256, kila mmoja mpana kuliko intaneti yote ya zamani. Uliza tu kama kiambishi hicho, yaani mwanzo wa anwani zako zote, hubadilika ruta ikizimwa na kuwashwa, maana kikibadilika, rekodi zako za DNS, zinazofunga jina la tovuti na anwani, zinaelekeza hewani.

Lile fungu la nane nililirudisha mwaka uliofuata. Nimebaki na anwani moja ya IPv4 isiyobadilika, wakala mbele yake, na IPv6 kwa vingine vyote isipokuwa printa.