Maswali yenu: Linux ndani ya Windows bila kufuta chochote

Wiki hii maswali mengi yamekuja kuhusu mashine pepe, yaani kompyuta ya pili inayowaka ndani ya dirisha kwenye kompyuta yako ileile. Nimefurahi kwelikweli maana vijana wengi hapa Dodoma wana laptop moja tu, ina risechi, ina picha za familia, ina kila kitu, halafu mtu anaenda kwa fundi apigwe Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta kama Windows, juu yake ndo ajifunzie. Hapana jamani, njia ipo nyingine na ni ya bure: programu ya VirtualBox ndo inayotengeneza hiyo mashine pepe.

Kaka habari, nasoma UDOM, laptop yangu ina RAM ya 4GB na diski ile ya kuzunguka. Tunatakiwa tujifunze Linux, niiweke ndani ya Windows 10 au nifute Windows kabisa?

Usifute mdogo wangu. Ila kwa 4GB inabidi uchague vizuri, kwa sababu mashine pepe haitengenezi RAM mpya, ni kama mpangaji, chumba akikikalia yeye mwenye nyumba hana tena. Windows ukishaiwasha na kufungua kurasa mbili tatu za intaneti RAM inayobaki ni ndogo, sasa wewe ukachukue Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, yenye madirisha na mapambo ambayo yenyewe inataka 4GB au zaidi peke yake, laptop itaganda tu na utasema Linux mbaya kumbe sio. Weka Debian, Linux nyingine, bila desktop, yaani maandishi tu, ipe 512MB, inaenda vizuri, na zile amri za terminal mnazofundishwa darasani zote zimo. Nyepesi zaidi ni Alpine, faili lake la toleo la mashine pepe halifiki hata 100MB, bando haliumii. Ukipata hela anza na RAM ifike 8GB, halafu SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Ila laptop nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi kwa hiyo muulize fundi kwanza kabla hujanunua.

Nimeweka VirtualBox, inanipa kosa la VT-x na kwenye listi naona mifumo ya 32-bit tu. Kompyuta yangu ni 64-bit, tatizo nini? (Nkuhungu)

Hili ndo swali linalorudi kuliko yote. Intel walianza kuweka VT-x, uwezo wa kubeba mashine pepe, kwenye prosesa zao mwaka 2005, AMD wakafuata 2006 na ya kwao AMD-V, kwa hiyo kama mashine yako sio ya kale sana uwezo unao ila umezimwa. Fungua Task Manager, ingia Performance, halafu CPU, soma pale kwenye Virtualization. Ikiwa imeandikwa Disabled, zima kompyuta, iwashe huku unabonyeza F2 au F10 au Delete kutegemea na kampuni, ukishaingia BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, tafuta Intel Virtualization Technology, na kwa AMD inaitwa SVM Mode, washa, sevu, toka. Ila tafadhali sana, kama Windows yako imefungwa na BitLocker, kufuli la diski la Windows, hakikisha ile namba ndefu ya kufungulia unayo kabla hujagusa BIOS, maana Windows inaweza kukuomba ukiwasha na kama huna hapo umefungiwa nje ya mafaili yako mwenyewe.

Na kama tayari ni Enabled lakini VirtualBox inatambaa, angalia chini ya dirisha la mashine pepe, ukiona alama ya kobe wa kijani ujue Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, imeshika prosesa kabla yake. Mara nyingi inawashwa na WSL2, njia ya Microsoft ya kuendesha Linux ndani ya Windows, au na ile Memory Integrity ya usalama. Mi nisingezima ulinzi kwa ajili ya kasi tu. Kama unachotaka ni amri za Linux basi, tumia hiyohiyo WSL2, inatosha kabisa.

Shikamoo. Nina stoo ya nafaka Kibaigwa, programu yetu ya mauzo inafanya kazi kwenye Windows XP tu na kompyuta yenyewe iko hoi. Tunaweza kuiokoa?

Marahaba. Mnaweza, na msichelewe, diski ikifa kumbukumbu zote zimeondoka nayo. Kabla ya yote nakilini data za mauzo kwenye flashi mbili tofauti, leo. Halafu mtafute fundi anayeweza kuichukua ile diski nzima kama faili na kuiwasha ndani ya VirtualBox kwenye kompyuta mpya, ila mwambieni mapema kwamba XP ikijikuta kwenye mashine tofauti inaweza kudai leseni upya. Ikishawaka, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya ile mashine pepe uondoe tiki ya Cable Connected. Microsoft waliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, haitakiwi kugusa intaneti hata dakika moja. Na huku mkiendelea kuuza anzeni kutafuta programu mpya, hii inawanunulia muda tu.

Nikijaribu programu nisiyoiamini ndani ya mashine pepe, virusi vinaweza kutoka? Na snapshot si ndo backup?

Kutoka kwa kuvunja ukuta wenyewe ni nadra, ila wengi wanavifungulia mlango wenyewe. Folda ya pamoja ikiwa inaruhusu kuandika, virusi vya kufunga mafaili vitayafunga na yale ya Windows yako ya nje. Kwa hiyo zima folda ya pamoja, zima kopi na pesti kati ya pande mbili, kata mtandao, ndo ujaribu. Snapshot, yaani hali ya mashine pepe uliyoihifadhi wakati fulani, inakurudisha ulikokuwa, ni nzuri mno, ila inakaa kwenye diski ileile, diski ikifa inakufa nayo. Sio backup.

Nina Mac ya M1, VirtualBox inafaa?

Toleo la 7.1 la mwaka 2024 kuendelea ndiyo, ila chukua Linux ya ARM, aina ya prosesa iliyomo kwenye M1, sio ile ya kompyuta za kawaida. UTM, programu nyingine ya mashine pepe ya Mac, pia ni ya bure na nzuri.

Hosteli tunataka kugawana mashine pepe moja kwa flashi ili tusimalize bando, ila flashi ya 32GB inasema faili kubwa mno wakati nafasi ipo!

Flashi yenu imeformatiwa kwa FAT32, haipokei faili moja linalozidi 4GB hata kama iko tupu. Hamisheni vitu vyake kwanza, muiformati kwa exFAT. Halafu msikopi folda la mashine ikiwa inawaka, izimeni kabisa, nendeni File, Export Appliance, mpate faili moja la .ova ambalo mwenzako anali-import tu. Kabla hamjagawa badilisheni nywila, na funguo zenu za SSH, za kuingilia kompyuta nyingine kwa mbali, msiziache humo ndani.