Feri Iko Wapi Kwenye Picha?

SWALI: Asalaam aleikum, mwalimu. Niliiona picha uliyoichora ya kivuko cha Likoni, Mombasa. Sikuona feri wala watu, ila michirizi ya kijani na kutu. Huwa waanzia wapi? – Msomaji wa kike, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, dadangu. Naanzia miguuni. Alfajiri maji yakipwa nashuka Tudor hadi kwenye mikoko, nakaa tu. Sichori kitu pale. Nikirudi nyumbani naandika rangi kwa maneno: “tope linang’aa kama mgongo wa pweza.” Turubai huja siku kadhaa baadaye, kwa kumbukumbu.

Rangi naipaka kwa mwiko wa mwashi, tabaka juu ya tabaka, kisha nakwangua mpaka ya chini ichungulie, kama kuta za Mji wa Kale chokaa ikibanduka na mawe ya matumbawe kuonekana. Rangi yangu ni ya akriliki, nayo hukauka haraka kwa joto letu, kwa hivyo nafunika sahani ya rangi kwa kitambaa kibichi. Msimu wa kusi picha zangu huwa za kijivu. Kaskazi ikiingia, buluu hurudi. Nampenda sana Turner wa Uingereza (1775–1851), aliyechora ukungu na mwanga hadi meli zikakaribia kuyeyuka.

Na feri imo. Tazama chini kulia, ule mstari mweusi uliokwaruzwa: ni mlango wake ukigusa saruji.