Mbwa na mazungumzo ya mtaani: ni kweli, ila Tanga kuna kahawa

Mdau, umesema kufuga mbwa husaidia kujuana na majirani, na ni kweli. Utafiti uliotoka 2015 kwenye jarida la PLOS ONE, uliohusu Perth ya Australia na miji 3 ya Marekani, ulikuta wafugaji wa wanyama wa nyumbani wanafahamiana zaidi na watu wa mtaani kwao. Mbwa sharti atolewe nje kila siku, njia ileile, kwa hiyo mnakutana sura zilezile, na "huyu anaitwa nani?" inatosha kuanzisha maneno bila kuonekana mdaku.

Ila utafiti huo usiuhamishie Tanga mzimamzima. Wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii: mate ya mbwa ni najisi, alicholamba kinaoshwa mara 7, moja kwa udongo. Mbwa wa huku ni mlinzi, anabweka getini. Ukimtembeza mtaa wa Ngamiani watu watavuka barabara wakukwepe! Kazi ya kujuanisha majirani huku hufanywa na kahawa ya barazani: saa ileile, watu walewale, kikombe, kipande cha kashata, na habari za mpira ambazo kila mtu keshazisikia.