Gambuti za mume wangu na breki ya pikapu

Mvua ikinyesha Ilula, shamba la nyanya haliingiliki kwa viatu vya maana. Ndiyo maana siku ile nilivaa gambuti za mume wangu, namba 9, wakati mguu wangu ni namba 6. Tulipakia matenga tangu alfajiri, tope mpaka magotini, na tulipomaliza sikuona sababu ya kubadili. Nikapanda pikapu hivyohivyo nikashika njia ya Morogoro.

Kitonga nilishuka salama, gia ya pili, nyuma ya semi iliyokuwa ikitambaa. Kumbe balaa lilikuwa chini, Ruaha Mbuyuni, pale vitunguu vinapouzwa kandokando ya lami. Kijana mmoja akachomoka na ndoo yake kuwahi basi lililosimama upande wa pili. Nikakanyaga breki. Gari likapunguza mwendo, lakini injini ikanguruma kama napandisha mlima. Nikakandamiza zaidi, nayo ikazidi kunguruma. Kijana aliruka, mimi nikatoka nje ya lami nikaja kusimama juu ya vitunguu vya watu. Nilivilipia vyote, na kwa miezi miwili nyumbani kwangu hakuna aliyetumwa sokoni kununua kitunguu.

Niliapa kwamba breki ni mbovu. Morogoro nikaenda gereji, fundi akafungua magurudumu, akaangalia pedi, akaangalia mafuta ya breki, akazunguka na gari mtaani na kurudi. "Mama, breki zako nzima. Hebu panda ukanyage nione." Nikapanda, nikakanyaga. Akainama akachungulia miguuni kwangu, akajizuia kucheka. "Mama, umekanyaga mbili."

Nilikuwa nimekanyaga breki na mafuta kwa pamoja, kwa mguu mmoja.

Nilipofika nyumbani nilichukua futi kamba nikapima. Pedeli ya breki ya pikapu yangu ina upana wa sentimita 6, na kutoka ukingo wake mpaka ukingo wa pedeli ya mafuta ni sentimita 6 nyingine. Soli ya gambuti ile ina upana wa sentimita 11. Ukikanyaga breki katikati kabisa, kati ya buti na pedeli ya mafuta inabaki sentimita 3 na nusu. Inatosha. Lakini nani anakanyaga katikati mtoto wa mtu akiwa mbele ya gari? Tena ndani ya buti kubwa mguu unacheza, kwa hiyo wewe mwenyewe hujui ukingo wa soli umeishia wapi.

Kuna jambo jingine ambalo futi halilionyeshi. Mguu ukitoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, kisigino kinabaki sakafuni na kifundo ndicho kinachogeuka. Shingo ya gambuti ni ngumu na haigeuki vizuri, ikabidi niwe nanyanyua mguu mzima na kuutupa upande wa kushoto. Mguu wa kutupwa hutua popote. Halafu kwenye pikapu nyingi breki imekaa juu kidogo kuliko mafuta. Kaka yangu anayefanya kazi mgodini, buti zake zina chuma mbele, na aliniambia zimewahi kunasa chini ya pedeli ya breki akiwa anatoka kwenye mafuta. Kunasa nusu sekunde tu, kwa kilomita 50 kwa saa, ni karibu mita 7 ambazo gari limekwenda bila kushikwa. Kwa kilomita 80 ni mita 11.

Kwa hiyo pima viatu vyako kwenye gari lako, usiniamini mimi. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, handibreki juu, injini imezimwa, peleka mguu kutoka mafuta kwenda breki mara ishirini, haraka, macho yakiangalia mbele kama uko barabarani. Mtu ainame mlangoni atazame ukingo wa soli. Breki itakuwa ngumu baada ya kuikanyaga mara chache. Usishtuke, kisaidizi chake kinategemea injini iwe inawaka. Kiatu kikigusa pedeli ya mafuta hata mara moja katika ishirini, hicho ni cha shambani, si cha usukani.

Ndala sina la kusema sana. Zinachomoka kisiginoni na kukunjika chini ya pedeli, kila mtu anajua, na bado tunaendesha nazo. Miguu mitupu nayo, ikiwa na maji au tope, inateleza kwenye pedeli iliyoisha mpira. Mpira wenyewe fundi anabadilisha wakati unakunywa chai. Lakini wanawake wenzangu, tuseme ukweli kuhusu dera. Pindo la dera limewahi kuingia chini ya kisigino changu nikiwa kwenye foleni, na nilipotaka kunyanyua mguu nikajikuta nimejifunga mwenyewe. Siku hizi nalikunja na kulikalia kabla ya kuwasha.

Angalia na sakafu. Mwaka 2009 Toyota iliwatangazia wateja Marekani matatizo ya magari takriban milioni 3.8 kwa sababu kapeti ingeweza kunasa pedeli ya mafuta. Sisi tunatandika kapeti mbili, juu yake gunia la kufutia tope, na chupa ya maji inabingirika humo humo. Pikapu ikiwa ya zamani, shika pedeli ya breki kwa mkono uitikise kushoto na kulia. Ikicheza sana, bushi zake, yaani vile vipande vinavyoishikilia isiyumbe, zimekwisha, na zile sentimita ulizopima hazina maana.

Raba zangu za kuendeshea nilizinunua mtumbani, soli nyembamba na ngumu kiasi, nazihisi pedeli kama nazigusa kwa kidole. Haziondoki kwenye gari. Gambuti zinasafiri nyuma, juu ya matenga, na kila mara mume wangu ananiuliza zimekwenda wapi.

Juzi shemeji yangu alikuja kuomba apeleke mzigo Iringa mjini. Nilimwangalia miguuni kabla ya kumpa ufunguo: ndala, tena moja imeshonwa kwa waya. Nikampa raba zangu ajaribu, hata vidole havikuingia. Basi akashuka, akaenda kuazima viatu kwa jirani, na nyanya zikamsubiri.